Namba Aliyoandikiwa Ima

Mwaka ule mahindi yalikubali. Anania na mkewe Maximilla walipata magunia kumi na moja, wakati tangu waoane hawajawahi kuvuka saba. Kuvuna hakukuwa shida. Shida ilikuwa yakae wapi. Kihenge cha nje kilivunjwa msimu uliopita na watu ambao mpaka leo hawajulikani, na yale waliyoyabakiza yakaliwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wa huku wanamwita skania, kwa sababu akishaingia kwenye gunia anapita kama lori, nyuma yake unakuta unga mtupu.

Basi magunia yakaingizwa ndani. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule. Chumba kimoja ni cha Anania na mkewe, kimejaa kitanda na masanduku, hata pa kugeukia hapapo. Kingine ni cha mama yake Anania, bibi Ndayikeza, na huko hata ufagio hauingii bila hodi. Cha tatu ni cha Ima, mtoto wao wa miaka sita, jina lake la ubatizo Immakulata. Magunia yakapangwa humo mpaka yakaziba nusu ya dirisha, na kitanda cha Ima kikasukumwa pembeni.

"Ima, sasa wewe ndiye mlinzi wa ghala," baba yake alimtania. "Mshahara wako debe moja."

"Nataka madebe mawili," Ima akajibu. "Na soda."

Vidonge vya kuhifadhi mahindi Anania alivinunua Kasulu mjini, duka la pembejeo la Hilali. Havikuja na kopo lake. Hilali alivihesabu kiganjani, vya kijivu, ukubwa wa kifungo cha koti, akavifunga kwenye nailoni. Lakini asisingiziwe, maneno alitoa. Na Anania aliyafikisha maneno hayo nyumbani, ingawa aliyafikisha huku anakaza kamba ya mzigo kwenye pikipiki, maana alikuwa anakwenda Kibondo kutafuta maharage na alishachelewa.

"Kila gunia kidonge kimoja, ukifunge kwenye kitambaa. Tena Hilali kasema mtu asilale humo siku kumi."

"Siku kumi! Na Ima alale wapi?"

"Mlaze sebuleni."

"Haya."

Maximilla alisema haya, tena kwa sauti. Alisikia, akaelewa. Huko Kibondo alikozaliwa alisoma mpaka darasa la saba, hakuwa mtu wa kusema hakuambiwa.

Jumanne baada ya chakula cha mchana akavitia vile vidonge, akashona midomo ya magunia, akanawa mikono. Jioni akatandika mkeka sebuleni na blanketi mbili. Ilikuwa mwezi wa saba, na huku kwetu mlimani mwezi wa saba saruji inakuwa kama jiwe la mtoni. Ima akalala kidogo akainuka. "Mama, sakafu inaniuma." Akarudishwa. Akainuka tena. Mara ya tatu Maximilla akajisemea, vidonge vimefungwa kitambaani, kitambaa kimo ndani ya gunia, gunia limeshonwa. Vitatoka vimfuate mtoto kitandani? Akambeba akamrudisha chumbani kwake, akaacha mlango wazi kidogo, roho yake ikatulia.

Alfajiri Ima alikuwa anatapika. Alitapika ugali, akatapika maji, akabaki anajikamua bila kutoka kitu. Kifua kilipanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa, mbavu zinaingia ndani. Chumbani kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu, au ya dagaa waliokaa sana. Maximilla aliinusa, akajua.

Bibi Ndayikeza naye akatoka chumbani kwake, akasimama mlangoni na kitenge kichwani.

"Huyu kala nini?"

"Tulikula wote, mama. Ugali na maharage."

"Hakuna aliyempa kitu njiani? Hakuna mtu aliyeingia humu jana?"

Hapo lazima niseme kidogo jinsi tunavyoishi huku, ndipo mtu aelewe. Kwetu ukimpa mgeni kinywaji unaonja wewe kwanza, mbele ya macho yake, ndipo unampa. Si adabu tu, ni kinga. Mtu akiugua ghafla, swali la kwanza si ugonjwa gani, swali ni nani kampa. Na likishaingia neno sumu kwenye nyumba, anatafutwa mrozi, yaani mchawi mwenye sumu, na mrozi mara nyingi anaonekana kuwa mwanamke aliyeolewa hapo akitokea mbali. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikuwapo mama mmoja, mgeni wake alikunywa togwa akafa siku ya pili. Hakuna aliyepima, hakuna aliyeuliza. Yule mama aliondoka na godoro kichwani na watoto nyuma yake, na watu walisimama barabarani kumtazama. Maximilla alikuwa mmoja wao. Alikuwa bibi harusi wa miezi miwili.

Bibi Ndayikeza hakuwa mtu mbaya. Alimlea Ima mgongoni. Lakini miaka saba yote Maximilla alikuwa anaonja uji mbele yake kabla ya kumpa kikombe, na bibi hajawahi kumwambia mwanangu, acha, hamna haja.

Wakapanda bodaboda mbili mpaka kituo cha afya. Daktari wa zamu alikuwa Pasikali, kijana mpole, macho mekundu kwa kukesha. Akamsikiliza Ima kifua, akampima malaria, hamna. Akakaa akaandika, kisha akainua uso.

"Mama, nyumbani kuna dawa yoyote? Ya mifugo, ya kupulizia, ya kuhifadhi mahindi?"

Bibi Ndayikeza alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, ameshika miguu ya mjukuu wake. Maximilla hakumtazama, lakini alisikia kitenge chake kinachakacha, akajua kichwa kimegeuka.

"Hamna, daktari."

"Kweli?"

"Hamna."

Daktari akashusha pumzi. "Basi ni nimonia. Kichomi. Tutamlaza, tutaanza sindano."

Akampa karatasi aipeleke dirisha la kumbukumbu. Bibi Ndayikeza akatoka nje kutafuta uji wa mtoto. Kwa hiyo pale dirishani Maximilla alikuwa peke yake, hakuna sikio la nyumbani. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko lile la kwenye benchi.

Dirishani alikuwapo Mwanaheri, mama wa makamo, mtoto wa wenye duka wa Kasulu mjini ambao asili yao ni pwani. Kazi yake ni kuchukua kila alichoandika daktari na kukipa namba, kwenye kitabu cha MTUHA, kile kikubwa cha kumbukumbu za wagonjwa, na kwenye kompyuta.

"Sogea, mama Ima, sogea. Mimi sichomi sindano, mimi nachoma wino tu." Akacheka mwenyewe. Kisha akavuta pua. "Unapika kitunguu saumu kingi wewe?"

"Hapana."

"Kitenge chako kinanukia." Akamtazama. Hakuwa anamkemea. "Mama, nikwambie kitu. Hapa kila ugonjwa una namba. Hiki kichomi cha mwanao naandika J18. J18 haisumbui mtu, inaishia kwenye sindano na vidonge, mnakwenda nyumbani. Lakini ipo namba nyingine, inaanza na T. Hiyo ni ya mtu aliyevuta hewa yenye sumu. Hiyo haikai hapa. Hiyo nikiiandika leo, bwana afya anapigiwa simu leo, anapanda pikipiki anakuja kuona nyumba, na ya jirani, na ya jirani yake. Miaka mitatu niko kwenye kiti hiki, hiyo ya T sijaiandika kwa mtu wa kijijini kwenu hata mara moja. Ina maana huko kwenu hakuna mwenye dawa ya mahindi?"

Maximilla akakivuta kitenge, akajifunga upya.

"Mimi sibadilishi kitu. Naandika anachoandika daktari, na daktari anaandika anachoambiwa. Mwenye ufunguo ni wewe. Nirudi kwa Pasikali nikamwambie mama Ima ana neno?"

Kati ya maneno yote yale, Maximilla alishika moja tu: bwana afya na pikipiki yake, anauliza njia, kwa Anania ni wapi, mwenye sumu. Akaona watu wamesimama barabarani. Akaona godoro kichwani pake.

"Sina neno, dada. Andika tu."

Mwanaheri akaandika J18.

Sasa huku mama akilazwa na mtoto, nyumba yake haiachwi tupu. Wifi anakuja kulala, ili moto usizime na wezi wasione pengo. Ndiyo kazi ya wifi, na ndiyo heshima yake. Dada yake Anania, Niyubahwe, aliyekuwa anaishi ng'ambo ya bonde, alikusanya vyombo vyake mchana ule ule akaenda, na mwanaye wa miaka mitatu, Nduwayezu, mgongoni. Bibi Ndayikeza alibaki kituoni, alikataa kumwacha mjukuu.

Maximilla alipata habari kwamba wifi yake yuko njiani. Akatoka nje ya wodi akampigia simu.

"Wifi, umefika?"

"Nimefika, nafagia. Nyumba yako chafu wewe, sijui kaka yangu ulimroga na nini." Niyubahwe alikuwa mtu wa utani. Akacheka. "Ima anaendeleaje?"

"Ni kichomi. Anatulia. Wifi, sikiliza. Mlale chumbani kwangu."

"Kwa kaka? Nilale kitanda cha kaka yangu na mkewe? Umechanganyikiwa na sindano za watu!"

"Basi sebuleni."

"Sebuleni baridi hii na mtoto? Na magunia nani atayalinda? Mimi si nimekuja kwa ajili ya magunia? Nalala nayo humo humo, atakayevunja dirisha ataanza na mimi."

"Humo kuna... kuna panya, wifi."

"Panya!" Niyubahwe alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama yangu, mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi, unanitisha na panya? Mwambie Ima shangazi anampa pole. Usimalize salio."

Simu ikakatika. Maximilla alibaki ameishika. Angeweza kupiga tena. Neno lenyewe lilikuwa fupi: usilale humo, nimetia vidonge. Lakini lingefuatwa na swali, mbona daktari kaandika kichomi? Na Niyubahwe hajui kunyamaza, lingemfikia bibi kabla ya jua kuzama. Akajiambia dirisha lina nafasi juu. Akajiambia mkubwa hapati kama mtoto. Akajiambia labda kweli ni kichomi, daktari kasomea.

Na ajabu, Ima akaanza kupona. Alhamisi akala uji, akaomba soda. Maximilla akamtazama mtoto wake anavyonyonya mrija, furaha ikamfunika akili. Aliona sindano zimefanya kazi, kwa hiyo ni kichomi, kwa hiyo hajadanganya mtu. Hakujiuliza kama mtoto amepona kwa sababu ya sindano au kwa sababu hakulala karibu na magunia siku mbili. Swali hilo lilikuja kuulizwa na Pasikali baadaye.

Ijumaa saa mbili asubuhi, wakiwa wanakunja blanketi ili waruhusiwe, wakasikia kelele nje. Niyubahwe aliingia bila viatu. Mwenyewe alikuwa anayumba, ameegemea ukuta, kanga imejaa matapishi. Nduwayezu alikuwa mikononi mwake, shingo imelegea, midomo kama ya mtu aliyekula zambarau.

"Mama, mtoto! Mama, mtoto wangu!" Alikuwa anamwita mama yake.

Bibi Ndayikeza akamchukua mtoto, akampeleka mbio mpaka meza ya daktari. Pasikali akaweka kipimo kifuani, akakunja uso. "Huyu naye ni wa nyumba ile ile? Kichomi cha namna gani hiki?" Akamwambia muuguzi, "Lete ile sindano ya juzi, kwa kilo za huyu."

Maximilla alisikia "ile sindano ya juzi" akaona sasa uongo wake umegeuka sindano na unakwenda kuingia kwenye mguu wa mtoto wa mwenziwe. Aliongea. Aliongea kwa sauti kubwa mpaka walioko nje kwenye foleni wakasikia.

"Si kichomi, daktari! Ni vidonge vya mahindi! Nilivitia Jumanne, magunia kumi na moja, chumbani, Ima alilala humo na huyu kalala humo! Si kichomi!"

Pasikali hakupoteza muda kumtazama. Aliita oksijeni, akaita dereva wa gari la wagonjwa, akapiga simu hospitali kubwa mjini huku ameshika mkono wa mtoto. Ni dakika kumi labda. Waliondoka Niyubahwe amelazwa sakafuni mwa gari na mtoto kwenye machela juu yake, bibi Ndayikeza amekaa pembeni ameshika chupa ya maji.

Nduwayezu alikata roho kabla gari halijaikamata lami.

Niyubahwe alilazwa siku nne akapona. Akatoka, akakuta kaburi tayari.

Jioni ile ya Ijumaa Pasikali alimkuta Maximilla amekaa kwenye ngazi ya kituo na Ima mapajani. Akakaa naye. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Hewa ile haina dawa ya kuiondoa mwilini, mama. Sisi tunamsaidia mgonjwa kupumua, basi. Dawa kubwa ni kumtoa pale, na kumzuia mwingine asiingie. Jumatano ungeniambia, ningetuma mtu nyumbani kwako Jumatano hiyo hiyo, afungue milango na kuwatoa waliomo."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Maximilla akamfunika Ima kwa kitenge. Kijana alikuwa mtu wa mkoa mwingine, habari za mrozi hazijui.

Mwanaheri naye alimwita dirishani. Alikuwa ameshalia, wanja umeshuka. Alifungua kitabu mbele yake, akaweka rula chini ya jina la Immakulata, akapiga mstari mmoja tu juu ya J18.

"Hatufuti," alisema. "Tunapiga mstari mmoja, ili anayesoma aone kilichokuwapo kwanza." Akaandika ile ya T pembeni, akatia sahihi yake, na Pasikali akatia yake. Kisha akashuka mistari kadhaa, akafika kwa Nduwayezu, akaandika tena T. Kalamu ilikwama, akaikung'uta, akaendelea. "Miaka mitatu," akasema peke yake.

Bwana afya, jina lake Saidi, alifika Jumamosi asubuhi. Alikuja na pikipiki, akauliza njia, kwa Anania ni wapi, kama vile Maximilla alivyokuwa ameona kichwani. Watu walisimama barabarani, hilo nalo lilitokea. Lakini Saidi hakuishia kwa Anania. Aliingia nyumba kwa nyumba, na nyumba tisa alikuta magunia yenye vidonge vyumbani, mengine chini ya vitanda kabisa. Mama mmoja alisema kumbe ndiyo maana kichwa kinampasuka wiki ya pili. Mwingine alisema mtoto wake mchanga alikufa mwaka juzi kwa kichomi, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Mrozi? Hakuna aliyemwita Maximilla mrozi. Kila nyumba ilikuwa na lake la kujiuliza. Anania aliporudi mbio kutoka Kibondo hakumpiga wala hakumtukana. Alikaa kwenye kizingiti, akasema tu, "Mimi nilikwambia nikiwa nakaza kamba. Ningeshuka kwenye pikipiki." Wakajilaumu, kila mtu nafsi yake.

Bibi Ndayikeza aliongea siku ya tatu ya msiba, wakiwa jikoni wawili tu. Maximilla alikuwa amechota uji, akainua kikombe aonje kama kawaida yake. Mkono wa bibi ukamzuia.

"Ni mimi uliyekuwa unaniogopa pale kwenye benchi?"

Maximilla akasukuma kuni motoni.

"Nijibu, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Bibi akachukua kikombe, akakitazama, akakiweka chini bila kunywa. "Basi tumemzika wawili," akasema. "Mimi na wewe tumemzika." Akatoka.

Niyubahwe hakulia mbele ya watu. Watu walitegemea atafanya fujo, maana ulimi wake wanaujua. Alikuja siku moja asubuhi kuchukua vyombo vyake, sufuria na mkeka aliokuja nao. Maximilla akapiga magoti mlangoni.

"Inuka," Niyubahwe alisema. "Unanizibia njia."

"Wifi, nisamehe."

"Uliniambia panya." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa yake. "Mimi nikacheka. Usiku mtoto akaniambia mama, kunanuka. Nikamwambia lala, ni panya. Nilimpa mwanangu uongo wako kwa mdomo wangu. Ungesema vidonge, ningelala naye nje chini ya migomba. Uliogopa uitwe mrozi. Haya. Na mimi nikuite nani?"

Akapita na sufuria yake.

Zikaenda wiki. Magunia Saidi aliyasimamia mwenyewe mpaka yakatolewa nje, na chumba kikaachwa wazi siku nyingi. Ima anacheza, ila akikimbia sana anashika kifua, na kila anaposhika kifua mama yake anaacha alichoshika. Usiku mwingine anaamka kumnusa mtoto tu, kama ananuka kitunguu saumu.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwa Anania. Akina mama walikuja na mikeka yao, kama kumi na tano. Niyubahwe alikuja pia, akakaa nje kwenye baraza, mgongo kwa mlango. Baada ya sala mwenyekiti akauliza nani ana neno. Maximilla akasimama. Hajawahi kusimama hapo, hata kusoma somo.

"Mimi si mwalimu," alisema. "Nasema nilichofanya." Akasema yote, kuanzia lile neno haya alilomjibu mume wake. Akasema mkeka wa sebuleni. Akasema benchi, na dirisha, na simu. Alipofika kwenye panya akatazama mgongo ulioko mlangoni, akalisema. "Daktari akikuuliza nyumbani kuna dawa gani, mwambie. Hata mama mkwe awe amekaa mapajani pako, mwambie. Wasiposikia kwako hawana pa kusikia. Wanaandika namba isiyo yake, na namba isiyo yake inawaacha wengine wakae pale pale penye kifo. Na mahindi yakiliwa na dumuzi, yaliwe. Mtu asilale nayo."

Kuku akaingia, akafukuzwa. Kisha mama mmoja kijana aliyekaa nyuma, Mwavita, mke wa fundi baiskeli, mwenye mtoto wa miezi mitano anayenyonya, akainua mkono nusu.

"Mama Ima... na aliyetia jana?"

"Ametia nani?"

"Mimi. Saidi alipopita mahindi yetu yalikuwa bado shambani. Nimetia jana jioni. Magunia manne. Mwanangu mkubwa sasa hivi yuko ndani, nimemwacha amelala, alikuwa anasema kichwa kinamuuma."

Walisimama wote kwa mara moja. Mikeka ikabaki. Maximilla alitoka mbele, lakini alipofika uwanjani kulikuwa na mtu mbele yake ambaye alikuwa anakimbia tayari, kanga imeshikwa mkononi, miguu mitupu kwenye mawe. Niyubahwe ndiye aliyeusukuma mlango wa Mwavita kwa bega. Alifunika pua kwa kanga akaingia, akatoka na mtoto wa miaka minne anayelia na kupiga mateke, analia vizuri, kwa mapafu yake yote.

"Fungua dirisha!" alipiga kelele. "Kwa nje, si uingie! Magunia achaneni nayo, yatatolewa na Saidi. Wewe, mpigie Saidi! Na bodaboda, mtoto akaonwe!"

Maximilla akavunja komeo la dirisha kwa jiwe kutoka nje. Harufu ikamjia usoni, ile ile, akarudi nyuma akayumba. Alipogeuka, Niyubahwe alikuwa amekaa chini mbali na nyumba, amempakata mtoto wa watu, amemkumbatia kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na Mwavita amesimama pembeni hathubutu kumdai mwanaye.

Maximilla alisogea, akasimama hatua tatu kutoka kwao.

"Wifi, atakayempeleka kituoni..."

"Nitampeleka mimi," Niyubahwe alisema bila kumtazama. "Mimi ndiye nitakayemwambia daktari."

Bodaboda ikaja. Akapanda na mtoto na mama wa mtoto, wakateremka mlima. Maximilla alibaki na jiwe mkononi mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea, kisha akakaa kwenye nyasi pale pale kumsubiri Saidi, ili mtu yeyote asiingie.